WAKIPINGANA WAWILI, JE, LAZIMA MMOJA AWE MWONGO?

(Mada hii iliwasilishwa katika darsa ya baada ya swala ya Isha. Tumeichapa hapa kwa ombi la waumini waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakujaaliwa kufika.)

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na kumfundisha kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya Malipo. Ama baad.



Tulilokusudia kulizungumza usiku huu limetoka katika elimu ambayo aghalabu haitajwi misikitini, nayo ni elimu ya mantiki, yaani elimu ya kupima fikra na maneno. Pengine wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: msikiti na mantiki, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba tumeona ndugu wa tumbo moja hawasemeshani, na safu za swala zimegawanyika, kwa sababu ya neno moja dogo linalotoka haraka mdomoni: "Huyo mwongo." Na mara nyingi mno neno hilo hutamkwa pasipo kuwapo uongo wowote.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka ya mwanzo baada ya kurudi kutoka masomoni, tulikuwa tukisomesha darsa katika msikiti mmoja. Usiku mmoja wa mwisho wa Ramadhani, watu wakiwa wanangojea khabari ya mwezi, mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama akasema kwamba redioni imetangazwa kuwa mwezi umeandama. Sisi tulikuwa tumeisikiliza redio ile ile saa mbili usiku, na hapakuwa na tangazo lolote. Tukasema mbele ya watu wote: "Huo ni uongo. Hakukutangazwa kitu." Mzee akanyamaza, akaketi. Baadaye ikabainika kwamba tangazo lilitolewa saa tatu na nusu, sisi tukiwa tumekwisha zima redio na kuja msikitini, na mzee akiwa amebaki nyuma akisikiliza.

Asubuhi ya Idd tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatukaribisha kahawa, akatusamehe. Lakini tangu usiku ule hakukaa tena katika darsa yetu; imamu akitoa salamu, naye huchukua viatu vyake akaondoka. La kusikitisha zaidi ni kwamba masharti manane ya kupingana, ambayo lau tungeyakumbuka tusingalitamka neno lile, tulikuwa tumeyahifadhi kwa moyo tangu mwaka wa pili wa masomo yetu, na katika mtihani tuliyaandika yote bila ya kukosea hata moja.

ELIMU HII IMETOKA WAPI

Aliyeiandika elimu hii kwa utaratibu ni Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Katika zama za Bani Abbas vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu, na wanazuoni wetu wakakhitalifiana juu yake. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), aliiharamisha. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliiweka kuwa utangulizi wa kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa. Al-Akhdari wa Algeria, ambaye utungo wake wa mwaka 941 Hijria (1534) ungali ukisomeshwa katika madrasa nyingi, alizitaja kauli hizo, kisha akaitia nguvu kauli ya kuijuzisha kwa mwenye akili timamu aliyekwisha shikamana na Qur-aan na Sunna.

Naye Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), aliandika kitabu kizima kuwarudi wanamantiki, akaona kwamba mwerevu hana haja nayo na mzito wa fahamu hafaidiki nayo. Lakini hata yeye hakupinga msingi tunaouzungumzia usiku huu, kwani ni jambo ambalo kila mwenye akili analijua kwa maumbile yake. Mtoto mdogo akiambiwa na mama yake kwamba andazi lipo kabatini, kisha akaambiwa na kaka yake kwamba halipo, anajua kuwa mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote. Ataliendea kabati.

NINI MAANA YA KUPINGANA

Kauli mbili huhesabiwa kuwa zinapingana kikweli pale ambapo moja inathibitisha kile kile ambacho nyingine inakikanusha, kiasi kwamba moja ikiwa kweli, nyingine haina budi kuwa si kweli. Kila moja huitwa naqiidh ya mwenzake. Hukumu ya naqiidh mbili ni kwamba hazikutani wala haziondoki pamoja: haiwezekani zote mbili ziwe kweli, na haiwezekani zote mbili zisiwe kweli. "Mlango umefungwa" na "mlango haukufungwa": lazima moja isimame na moja ianguke.

Kuna namna nyingine inayofanana na hii, nayo ni dhidi. Vitu viwili vilivyo dhidi havikutani pamoja, lakini huweza kuondoka pamoja. "Kanzu hii ni nyeupe" na "kanzu hii ni nyeusi": haiwezi kuwa zote mbili, lakini yaweza kuwa ya kijivu, na kauli zote mbili zikaanguka. Kuchanganya naqiidh na dhidi ni mlango mpana wa makosa, nasi tutaurudia punde.

MASHARTI MANANE

Wanazuoni wamesema kwamba kauli mbili haziwi naqiidh mpaka ziafikiane katika mambo manane. Likikosekana moja tu, hapana kupingana, hata kama maneno yanasikika kuwa yanapingana.

La kwanza ni kile kinachozungumzwa. Mmoja akisema kaa hutembea upande, na mwingine akasema kaa halitembei, wa kwanza anakusudia kaa wa pwani na wa pili anakusudia kaa la moto. La pili ni kile kinachosemwa juu yake: "Juma amelala" na "Juma hakula" hazigusani.

La tatu ni wakati, na hapo ndipo sisi tulipojikwaa: redio ya saa mbili si redio ya saa tatu na nusu. La nne ni mahali: mvua imenyesha Tanga, mvua haikunyesha Mombasa.

La tano ni sharti. Mtu huyu anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani akiwa mgonjwa. Mtu huyo huyo haruhusiwi akiwa mzima na mkaazi. La sita ni uhusiano: Khamisi ni baba kwa mwanawe, wala si baba kwa mtoto wa jirani.

La saba ni sehemu na jumla. Anayesema kanzu ni nyeupe anaangalia kitambaa, na anayesema si nyeupe anaangalia darizi ya shingoni. La nane ni uwezo na kitendo. Kisu kinakata, maana ndiyo kazi yake. Na kisu hakikati, maana saa hii kimelala kabatini.

Ndugu zetu, chukueni ugomvi wowote mnaoukumbuka, wa nyumbani, wa sokoni au wa msikitini, muupime kwa mizani hii. Mtakuta mengi katika hayo tunayoyaita kupingana yanaanguka katika sharti la tatu, la nne au la tano.

"WOTE" NA "BAADHI"

Ziada ya masharti hayo manane, kauli yenye neno "wote" au "kila" ina hukumu yake. Naqiidh ya "wote" ni "baadhi si". Naqiidh ya "hakuna hata mmoja" ni "wapo baadhi".

Tutoe mfano unaotuhusu. Kijana mmoja barazani anasema: "Masheikh wote wanatafuta dunia." Mwenzake anakasirika na kumjibu: "Hakuna sheikh hata mmoja anayetafuta dunia." Wanagombana mpaka usiku wa manane, kila mmoja akidhani kwamba akiivunja kauli ya mwenzake ameithibitisha yake. Sivyo. Kauli hizo mbili ni dhidi, si naqiidh, na zote mbili zaweza kuwa si kweli. Wa pili angelitosheka kusema: "Wapo masheikh wasiotafuta dunia," akamtaja mmoja tu anayemjua kwa uchamungu wake, na kauli ya kwanza ingelianguka pale pale. Badala yake akabeba mzigo mzito usiobebeka, na mwenye kubeba mzigo usiobebeka huangusha hata kile kilichokuwa haki yake.

Tena lugha yetu ya Kiswahili ina mtego hapa. Mtu akisema, "Watu wote hawakuja," kuna atakayefahamu kwamba hakuja hata mmoja, na kuna atakayefahamu kwamba baadhi walikuja na baadhi hawakuja. Mwenyekiti wa kamati akisema, "Wazee wote hawakukubali," je, walikataa wote au hawakuafikiana? Tumeshuhudia kikao kikivunjika kwa sababu ya jumla kama hiyo. Basi anayetoa khabari aseme wazi: "Hakukubali hata mmoja," au "Si wote waliokubali."

KHABARI TATU ZA IBN ABBAS

Sasa tuitazame mizani hii ikifanya kazi kwa watu bora wa umma huu. Tumechagua khabari tatu, na katika zote yumo Abdallah bin Abbas (R.A.), mtoto wa ami yake Mtume (S.A.W.) na bahari ya tafsiri, aliyefariki mwaka 68 Hijria (687).

Khabari ya kwanza imepokewa na Imamu Muslim. Kurayb alitumwa na Ummul Fadhl, mama yake Ibn Abbas, kwenda Sham kwa Muawiya (R.A.). Akiwa huko mwezi wa Ramadhani ukaandama, akauona usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas alimwuliza khabari za mwezi. Kurayb akamweleza kuwa waliuona usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akamwambia kuwa wao Madina waliuona usiku wa Jumamosi, na kwamba wataendelea kufunga mpaka wakamilishe siku 30 au wauone mwezi. Kurayb akauliza iwapo kuona kwa Muawiya hakutoshi. Ibn Abbas akajibu kuwa hakutoshi, na kwamba hivyo ndivyo alivyowaamrisha Mtume (S.A.W.).

Angalieni, Ibn Abbas hakumwambia Kurayb, "Umesema uongo." Hakumtilia shaka macho yake. Mwezi kuonekana Sham usiku wa Ijumaa, na kutoonekana Madina mpaka usiku wa Jumamosi, ni kauli mbili zilizotofautiana mahali, kwa hiyo zote mbili zaweza kuwa kweli.

Khabari ya pili ni ya mwaka 8 Hijria (630), mwaka wa kufunguliwa Makka. Mtume (S.A.W.) aliingia ndani ya Al-Kaaba pamoja na Usama bin Zayd, Bilal na Uthman bin Talha (R.A.), na mlango ukafungwa. Bilal alimweleza Ibn Umar kwamba Mtume aliswali humo ndani. Ibn Abbas, akipokea kutoka kwa Usama, akasema kwamba Mtume aliomba dua katika pembe za nyumba na hakuswali mpaka alipotoka. Hadithi zote mbili ni sahihi.

Hapa jambo ni zito zaidi, kwa sababu "aliswali" na "hakuswali" zinaonekana kutimiza masharti yote manane. Wanazuoni walifanyaje? Baadhi walisema huenda aliingia mara mbili, wakatafuta tofauti ya wakati. Lakini wengi walishika kanuni hii: mwenye kuthibitisha hutangulizwa mbele ya mwenye kukanusha, kwa kuwa ana ziada ya elimu. Imamu al-Nawawi alieleza kwamba mlango ulipofungwa, Usama alishughulika na dua katika upande wake, hakuiona swala ile iliyokuwa nyepesi, na Bilal aliyekuwa karibu akaiona. Basi lililo yakini kwa Usama ni "sikumwona akiswali," na hilo halipingani na kauli ya Bilal "nilimwona akiswali." Kauli mbili hizo zina wasemaji wawili, na macho ya huyu si macho ya yule.

Ni mara ngapi tunasema "halikutokea" ilhali tunalolijua kwa hakika ni "sikuliona"? Mtu anakuwa sokoni, anarudi nyumbani anaambiwa fulani alikuja kukuulizia, anasema: "Hakuja huyo, mimi sikumwona." Kutokuona kwako ni khabari ya macho yako tu.

Khabari ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Katika Umra ya mwaka 7 Hijria (629) Mtume (S.A.W.) alimwoa Bibi Maymuna (R.A.), ambaye ni mama mdogo wa Ibn Abbas, ndugu wa mama yake Ummul Fadhl. Ibn Abbas alisimulia kwamba Mtume alimwoa hali ya kuwa amehirimia. Bibi Maymuna mwenyewe alisimulia kwamba alimwoa wakiwa wamekwisha toka katika ihramu, na Abu Rafi', aliyekuwa mjumbe baina yao, alisema vivyo hivyo. Ndoa ni moja, mume ni mmoja, mke ni mmoja. Wapo waliojaribu kuyafasiri maneno ya Ibn Abbas kwa maana nyingine, lakini yakichukuliwa kwa dhahiri yake hapana pa kukimbilia: moja ya kauli hizo si sahihi.

Jamhuri ya wanazuoni waliitanguliza kauli ya Bibi Maymuna, kwa kuwa mwenye tukio analijua tukio lake kuliko mwingine, na kwa kuwa mjumbe wao alimwafiki. Said bin al-Musayyib, katika wakubwa wa Tabiina, alisema wazi kwamba Ibn Abbas alikosea. Wanazuoni wa Kihanafi kwa upande wao waliitia nguvu kauli ya Ibn Abbas, na mpaka leo madhehebu yanakhitalifiana kama mwenye kuhirimia anaweza kufunga ndoa. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwa waliosema kuwa Ibn Abbas alikosea aliyesema kuwa alidanganya. Hadithi zake ziliendelea kupokewa, tafsiri yake ikaendelea kufuatwa, na heshima yake haikupungua.

KOSA SI UONGO

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wanazuoni wa balagha waliuliza: ni nini ukweli wa khabari? Jamhuri wakasema: ni khabari kuafikiana na jambo lilivyo hasa, na uongo ni kutoafikiana nalo. Al-Nazzam, katika Muutazila wa Basra, akasema: ukweli ni khabari kuafikiana na anavyoitakidi msemaji. Akatoa hoja kwa aya ya kwanza ya Suratul Munafiqun, ambamo wanafiki wanamshuhudia Muhammad (S.A.W.) kuwa ni Mtume wa Allah, na Allah anashuhudia kuwa wao ni waongo. Akasema: kauli yao inaafikiana na hali ilivyo, na bado wameitwa waongo, kwa sababu hawakuiamini.

Jamhuri wakamjibu kwamba kauli ya utume yenyewe ni ya kweli, na kilichokadhibishwa ni madai yao kwamba ushahidi huo unatoka nyoyoni mwao.

Kutokana na mjadala huu tunapata mizani mbili, na kila moja ina kazi yake. Kauli hupimwa kwa jambo lilivyo. Msemaji hupimwa kwa kile anachokijua na kukikusudia. Wanafiki walisema kauli ya kweli nao ni waongo. Ibn Abbas, kwa mujibu wa jamhuri, alisema kauli isiyo sahihi naye ni mkweli. Anayechanganya mizani hizi mbili atamsadiki mnafiki kwa sababu ya utamu wa kauli yake, na atamtukana mchamungu kwa sababu ya kuteleza kwake.

Na sisi Waswahili tuna haja zaidi ya tahadhari hii, kwa kuwa neno letu "uongo" linabeba yote mawili. Mtu akikosea hesabu ya bei twasema "uongo!", na mwizi akikana wizi wake twasema "uongo!" Msikilizaji hajui kama umeikosoa kauli yake au umeivunja heshima yake. Basi ndugu zetu tuzoee kusema "si sahihi", "umekosea", "hivyo sivyo tulivyosikia". Neno "mwongo" tuliweke mbali, tusilifikie mpaka tuwe na hoja ya yakini kwamba mtu alijua na akakusudia.

UKWELI NI MMOJA

Asije mtu akafahamu kutokana na maneno yetu kwamba kila mtu ana ukweli wake. Kauli hii imeenea kwa vijana wetu, nayo huvishwa nguo ya upole na uvumilivu. Mtu akisema, "Hakuna ukweli," mwulize: kauli yako hiyo ni kweli au si kweli? Akisema ni kweli, amethibitisha ukweli mmoja na kauli yake imeanguka. Akisema si kweli, ametupunguzia kazi.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliandika kwamba mkaidi anayekataa kuwa naqiidh mbili hazikutani angefaa kutiwa motoni, maadamu kwake yeye moto na kutokuwa moto ni kitu kimoja. Hatuwashauri ndugu zetu kuitumia dawa hiyo. Ila ni dhahiri kwamba mtu wa namna hiyo haishi kwa kauli yake: akiuza duka lake hakubali kuambiwa kwamba kulipwa na kutolipwa ni mamoja.

Allah ametukumbusha katika aya ya 82 ya Suratun Nisaa kwamba lau Qur-aan ingelitoka kwa asiyekuwa Yeye, watu wangelikuta ndani yake khitilafu nyingi. Yaani kutopingana kumefanywa alama ya haki. Kwa sababu hiyo wanazuoni hawakuziogopa hadithi zinazoonekana kupingana. Imamu Shafi'i, aliyefariki mwaka 204 Hijria (820), aliandika kitabu juu yake, akafuatiwa na Ibn Qutayba na al-Tahawi. Ibn Khuzayma, aliyefariki mwaka 311 Hijria (923), alikuwa akisema kwamba hajui hadithi mbili sahihi zinazopingana, na mwenye nazo amletee azipatanishe. Njia yao ilikuwa ya daraja: kwanza kupatanisha, isipowezekana, kutazama ipi iliyotangulia na ipi iliyofuta, isipojulikana, kupima ipi yenye nguvu. Wahanafi wana mpangilio wao katika daraja hizo, lakini wote walifanya uchunguzi kabla ya kuhukumu.

MWEZI, IDD NA SISI

Sasa turudi nyumbani. Mara kwa mara mji wetu mmoja huwa na Idd mbili. Mke anapika pilau, na mama mkwe amefunga. Tuyapime maneno yanayosemwa siku hizo.

"Mwezi umeonekana nchi fulani," na "sisi hapa hatukuuona." Kupingana hakupo, kwa sababu mahali ni pawili. Ni jambo linaloeleweka hata kwa hesabu ya falaki. Mwezi huzidi kuachana na jua kwa takriban nusu daraja kwa kila saa, na jua likizama Dar es Salaam, watu wa Morocco hubakiwa na takriban saa tatu kabla ya jua kuwazamia. Muda huo huweza kutosha kuufanya mwezi uliokuwa haufai kuonekana huku ufae kuonekana kule. Basi anayesema, "Waongo hao, mbona sisi tumetazama na mbingu ilikuwa safi?" amelisahau sharti la nne.

Kisha wanasema, "Kuonekana kule kunatulazimu," na wengine, "hakutulazimu." Hapa kupingana kupo, na hatuwafichi. Mashuhuri kwa Shafi'iyya ni kwamba kila eneo lina matlai yake, na hadithi ya Kurayb ni katika dalili zao. Mashuhuri kwa Hanafi, Maliki na Hanbali ni kwamba kuonekana sehemu moja kunawalazimu wengine. Kauli hizi haziwezi kuwa sawa zote kwa jambo moja, na kauli yenye nguvu ni kwamba haki mbele ya Allah ni moja. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Tazameni rehema hii: kosa limeitwa kosa, na aliyekosea kwa jitihada amelipwa.

Basi shika kauli uliyoiona ina dalili. Iseme kauli ya pili kuwa haina nguvu, na utoe hoja yako kwa adabu. Lakini usiseme kwamba msikiti wa pili ni wa waongo, wala kwamba hawana dini, wala usiache kumpelekea jirani yako sahani ya Idd kwa kuwa Idd yake ni kesho.

HITIMISHO

Ndugu zetu, tunawausia maswali matatu kabla ya ulimi kutamka. La kwanza: je, tunazungumzia jambo moja, la wakati mmoja, mahali pamoja na kwa sharti moja? Likijibiwa hili, mengi huisha. La pili: ikiwa tunapingana kikweli, je, dalili ya kila mmoja ni ipi, na nani aliyeshuhudia na nani ambaye hakuona tu? La tatu: je, tunaihukumu kauli, au tunamhukumu mtu?

Mzee yule tuliyewasimulia ametangulia mbele ya haki. Tulishiriki kumwosha na kumzika, na wanawe wanatuita mwalimu. Lakini nafasi yake katika darsa ile ilibaki wazi kwa miaka yote ile, nasi kila tulipofika kwenye mlango wa kupingana katika kitabu, tukiwasomesha wanafunzi sharti la wakati, tulikuwa tukiitazama safu ya mbele.

Tunamwomba Allah amrehemu, na atusamehe sisi. Tunamwomba atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, azihifadhi ndimi zetu na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.